Okidi chumbani haimalizi hewa

Baridi ya Juni na Julai ikishaingia Mbeya, Njombe na Makete, watu huingiza vyungu vya maua ndani, na ule ujumbe wa zamani huanza tena kuzunguka kwenye magrupu: usilale na okidi chumbani, usiku inamaliza oksijeni, na harufu yake tamu ni sumu.

Si kweli. Mmea hupumua usiku, lakini hutumia oksijeni kidogo mno. Mtu unayelala naye kitanda kimoja anatumia nyingi kuliko vyungu vyote vya dirishani. Tena okidi nyingi za majani manene zinazopandwa kwenye vyungu hufungua vitundu vya majani usiku na kuvuta hewa ukaa ndani. Harufu nayo ni mwito kwa wadudu. Baadhi ya okidi nyeupe hunukia zaidi gizani kwa sababu nondo wanaozichavusha huruka usiku. Kama unayo ya aina hiyo, inuse saa nane mchana, kisha saa tatu usiku, utaona tofauti. Harufu kali ikikuumiza kichwa, hamishia chungu sebuleni, basi.

Wengi tunachanganywa na somo la shuleni, kwamba usiku mimea hutoa hewa ukaa. Hatukuambiwa ni kidogo kiasi gani.

Kinachoniumiza ni jiko la mkaa. Msimu huohuo wa baridi huingizwa chumbani, milango ikafungwa, na gesi yake inayoua haina harufu kabisa. Mtu akiamka anaumwa kichwa, lawama zinaliendea ua. Tafadhali, ujumbe huo ukikufikia usiusambaze; mwulize aliyekutumia kama jiko lake liko nje.