Je, wajua kwa nini mguu uliofungwa hogo hukonda huku tumbo likizidi?

Wiki ya saba tangu nivunjike kifundo cha mguu nilikwenda kufunguliwa hogo, ile plasta ngumu ambayo hospitalini huiita POP. Mhudumu akapitisha kimsumeno chenye kelele kama za mashine ya kusaga. Ukikitazama vizuri hakizunguki, kinatetemeka tu, ndiyo maana kinapasua kitu kigumu na kuiacha ngozi laini. Akabanua vipande viwili, katikati ukatokea mguu nisioujua. Shavu la mguu limenywea, ngozi inabanduka kama ganda la kitunguu. Nikausikitikia. Kisha nikavaa suruali niliyoitia mkobani asubuhi ile, suruali ya kabla ya kuvunjika, na kifungo kikagoma.

Mwili mmoja, chakula kimoja, wiki saba zilezile. Chini nimekonda, juu nimenenepa. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba nilivunjika nikiwa katikati ya safari ya kupunguza uzito: nilishatoka kilo 94 hadi 85 kwa kutembea kila alfajiri, mpaka mtaro usio na mfuniko ulipokatisha safari.

Tuanze na mguu. Misuli si kama ukuta unaojengwa mara moja ukasimama. Kila siku mwili hubomoa kidogo na kujenga kidogo, na kinachoamua upande upi ushinde ni kazi. Ukisimama, ukipanda ngazi, hata ukijigeuza kitandani, misuli hupata amri ya kujijenga. Funga mguu usiguse mzigo, na amri ile hukatika, lakini ubomoaji unaendelea. Mwili haufugi misuli isiyofanya kazi, kwa kuwa kuitunza ni gharama.

Kasi yake inatisha. Watafiti wa Maastricht, Uholanzi, waliwahi kuchukua vijana wenye afya njema, miguu mizima kabisa, wakawafunga plasta mguu mmoja ili waone kitakachotokea. Baada ya siku 5 tu, unene wa misuli ya mbele ya paja ulikuwa umepungua kwa asilimia 3.5 na nguvu kwa asilimia 9. Kwa waliokaa siku 14, unene ulipungua kwa asilimia 8.4 na nguvu kwa asilimia 23. Angalia hapo: nguvu hukimbia haraka kuliko nyama yenyewe. Sababu ni kwamba neva nazo zinazembea, zinasahau kuiamrisha misuli yote kwa pamoja. Ndiyo maana siku ya kwanza bila hogo unaambia mguu "nyanyuka" na mguu unakutazama.

Sasa tumbo. Mtu angedhani kwamba ukiacha kutembea, njaa nayo ingepungua, mambo yakasawazika yenyewe. Haiwi hivyo. Mwaka 1956 Jean Mayer na wenzake walichapisha uchunguzi wao wa wafanyakazi wa kiwanda cha juti, zile nyuzi za magunia, huko Bengali ya Magharibi, India. Walipima nani anakula kiasi gani, ana uzito gani na anafanya kazi ya namna gani. Kuanzia wenye kazi nyepesi hadi wabeba mizigo, chakula kilipanda pamoja na kazi na uzito ukabaki palepale, jambo ambalo halishangazi. Lakini wale waliokaa tu kutwa nzima, wenye vibanda vya biashara wakiwamo, walikula sawa na wenye kazi nzito au hata zaidi, na ndio waliokuwa wanene. Yaani hamu ya kula huijua kazi mpaka kiwango fulani. Ukishuka chini ya hapo, ukawa mtu wa kiti na kitanda, tumbo halipati habari kwamba miguu imelala.

Na mgonjwa wa kwetu halali peke yake. Wanakuja kumjulia hali. Jirani na mkate na soda, shemeji na juisi za boksi, shangazi na chapati kwenye hotipoti. Ukikataa unaonekana unaringa, au unakata tamaa ya kupona. "Kula baba, mfupa uunge." Mimi nilikula. Hebu tupige hesabu ya siku moja. Mtu wa kilo 85 akitembea saa nzima kwa mwendo wa kawaida hutumia takribani kalori 300. Hizo sikuzitumia tena. Soda ya mililita 300 ina takribani kalori 125, karibu vijiko 8 vya chai vya sukari. Chapati moja iliyoiva kwa mafuta ni kalori 250 na kuendelea. Hapo nimeshazidisha karibu kalori 700, na sijamtaja shemeji. Kilo moja ya mafuta ya mwilini huchukuliwa kuwa na kalori 7,700 hivi, kwa hiyo siku 11 za ukarimu wa namna hiyo zinatosha.

Nilipogundua, nilifanya kosa la pili, na hili ndilo ninalotaka wengine waliepuke: nilijinyima. Chai ya rangi asubuhi, tunda mchana, ndizi mbili za kuchemsha usiku. Mizani ikaanza kushuka nikashangilia.

Mizani haina macho. Haijui kilichoondoka ni mafuta, maji ya uvimbe au nyama ya paja. (Mara ya kwanza hata sikukumbuka kutoa uzito wa hogo lenyewe.) Wakati huo mfupa ulikuwa kwenye ujenzi: kwanza damu huganda palipovunjika, kisha huja kiungio laini mithili ya gegedu, kisha madini yanaingia kinakuwa kigumu, na miezi kadhaa baadaye mwili unarudi kusawazisha kazi yake. Ujenzi huo unataka protini, kalisi (kalsiamu), vitamini C na D, na nishati ya kuendeshea mtambo. Ongeza kwamba kutembelea magongo ni kazi. Mwendo uleule kwa magongo hutumia nguvu mara mbili au zaidi ya kutembea kwa miguu yako. Ukiupa mwili chakula kidogo mno, hautasimamisha ujenzi kwa heshima. Utabomoa misuli upate malighafi, ile misuli ambayo hogo limeshaanza kuila.

Ndiyo maana lengo la mtu aliye kwenye hogo linabidi libadilike. Wiki hizo si za kushuka kilo mbili kwa mwezi. Ni za kutopanda, na za kuhakikisha kinachobaki mwilini ni misuli. Ukishuka kidogo sawa, usiposhuka hujapoteza kitu.

Sahani yenyewe haihitaji maajabu. Mtu mzima wa kawaida huambiwa ale protini gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake. Wanamichezo walioumia hupendekezewa 1.6 hata zaidi. Sikuwahi kuzifikisha zote, bajeti ina maneno yake, lakini nilichoweza ni kuzigawa: kila mlo uwe na kitu, siyo nyama yote isubiri chakula cha usiku. Yai moja lina gramu 6 hivi. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama 15. Dagaa ndio mabingwa, protini tupu, na kwa kuwa unawatafuna na mifupa yao unapata kalisi humohumo. Maziwa ya mgando, samaki, choroko, karanga kiasi. Ugali haukufukuzwa mezani. Ulipunguzwa ukubwa, nafasi yake ikachukuliwa na mchicha. Nilichofukuza kabisa ni sukari ya kunywa, na kijiko cha mafuta kikawa kijiko kweli, kwa maana kijiko kimoja cha mezani ni kalori 120.

Supu ya kongoro? Najua nitagusa watu. Supu ya mifupa haihamishi mfupa wa ng'ombe kuupeleka kwenye goko lako. Kalisi inayochujukia ndani yake ni kidogo, na ule utelezi ni protini iliyopungukiwa. Inakosa kabisa kiambato kimoja ambacho mwili hauwezi kujitengenezea. Ni tamu, ina joto, inampa mgonjwa hamu. Engua mafuta yanayoelea juu, kunywa, ila usiihesabu kuwa ndiyo mlo. Na mwenye kisukari au matatizo ya figo asifuate hesabu zangu za protini kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Kuna jambo moja ambalo wataalamu wa fiziotherapia, wale wa mazoezi ya tiba, walinieleza nikadhani wananitania. Waliniambia nifanyishe mazoezi mguu mzima, yaani ule usioumia. Kumbe jambo hili ni la zamani: mwaka 1894, katika Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, Edward Scripture na wenzake walionyesha kwamba ukiuzoesha mkono mmoja kubana kwa nguvu, mkono wa pili ambao haukufanya lolote nao huongezeka nguvu. Misuli ya upande uliolala haikui kwa hilo, lakini neva zinaendelea kukumbuka. Kwa hiyo nilikuwa nakaa kwenye kiti, nanyoosha mguu mzima, nashikilia, nashusha, mara kumi. Kisha nalikaza paja la mguu mgonjwa bila kukunja goti, nahesabu hadi tano, naachia. Chupa mbili za maji za lita moja na nusu zikawa vyuma vyangu vya mikono. Mtoto wa jirani alikuwa anasimama mlangoni kunihesabia, na akiona nimechoka anarudia namba.

Ruhusa kwanza, lakini. Mivunjiko haifanani, na kuna ile ambayo hata kukaza paja kunasubiri. Shavu la mguu likianza kuuma na kuvimba, au kifua kikabana na pumzi ikawa fupi, hapo huulizi mtandao. Damu huweza kuganda kwenye mguu usiosogea, na donge likapanda mapafuni. Ni hospitali moja kwa moja.

Baada ya hogo kutoka niliomba futi kamba kwa fundi cherehani wa hapa mtaani. Nikapima sentimita 10 juu ya pia ya goti: paja la upande mgonjwa lilikuwa dogo kwa sentimita 3 na nusu. Nikaandika ukutani kwa penseli, karibu na kalenda, na chini yake mzunguko wa kiuno. Kila Jumamosi napima. Natembea tena, polepole, dakika 15 asubuhi na 15 jioni, kwenye njia isiyo na mitaro. Wiki ya sita ya kupima, mizani haijasogea hata robo kilo. Paja limejaza sentimita 2, na mkanda umerudi tundu moja.