Hadhi ya kimaadili ya kiinitete ni nini?

Hadhi ya kimaadili ni uzito ambao kiumbe anastahili kupewa kwa ajili yake mwenyewe, si kwa faida anayomletea mwingine. Hapa Mwanza mfano tunao mwaloni. Kanuni za uvuvi zinakataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50, lakini zinamlinda ili wavuvi wapate samaki kesho na viwanda visifungwe. Hakuna anayesema sangara mchanga amedhulumiwa. Anayesema kiinitete, yaani mimba changa ya wiki 8 za kwanza, kisiharibiwe anadai jambo zito kuliko hilo: kwamba anayedhulumiwa ni kiinitete chenyewe.

Watu wengi hulikabili dai hili kwa kuuliza uhai unaanza lini, wakitumaini daktari akitaja siku ubishi utakwisha. Lakini hapo yamefungwa maswali mawili. La kwanza ni la baiolojia, na jibu lake halina ugomvi mkubwa. Yai na mbegu ni hai hata kabla hazijakutana. Zikiungana katika mrija wa uzazi, kromosomu 23 za mama na 23 za baba hufanya seli moja yenye vinasaba vyake yenyewe. Seli hiyo hugawanyika huku ikisafiri, na kati ya siku ya 6 na ya 10 hivi hujishikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi. Moyo huanza kupiga karibu na siku ya 22. Baada ya wiki 8 kiinitete huitwa kijusi. (Kliniki huhesabu tangu hedhi ya mwisho, kwa hiyo mama anayeambiwa ana wiki 6 amebeba kiinitete cha wiki 4 hivi. Hesabu hizi mbili huchanganywa mno.)

Swali la pili ni hili: katika hatua zote hizo, ni ipi inayotulazimu kutoa heshima ile ile tunayompa mtoto aliyezaliwa? Hadubini haina jibu la swali hilo. Anayesema sayansi imeshalimaliza, awe upande wowote, ameruka hatua nzima ya hoja.

Kanisa Katoliki, ambalo hospitali yake ya Bugando inaonekana karibu kila pembe ya jiji letu, linafundisha kwamba heshima hiyo inadaiwa tangu mimba kutungwa. Hoja yake kuu ni mwendelezo: wewe wa leo ndiwe uliyekuwa seli ile moja, na popote utakapochora mstari utakuwa umemwacha mtu nje bila sababu ya haki. Vatikani ilirudia msimamo huo mwaka 1987, miaka tisa baada ya Louise Brown, mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili, kuzaliwa Uingereza.

Wapo wanaojibu kwamba hadi siku ya 14 hivi kiinitete kimoja kinaweza kugawanyika kuwa mapacha. Tutakiitaje mtu mmoja ilhali kinaweza kuwa wawili? Siku hizo 14 ndizo kamati ya mwanafalsafa Mary Warnock ilizopendekeza Uingereza mwaka 1984 ziwe kikomo cha kukuza kiinitete maabara, na zikaingia katika sheria ya mwaka 1990.

Wanazuoni wengi wa Kiislamu, wakitegemea hadithi ya Mtume iliyosimuliwa na Ibn Mas'ud, husema roho hupulizwa siku ya 120. Hapa nasisitiza jambo linalosahaulika: wengi wao hawaruhusu mimba kutolewa ovyo hata kabla ya siku hiyo. Maana yake, hadhi inaweza kupanda hatua kwa hatua bila kuanzia sifuri. Naona msimamo huu unastahili kusikilizwa zaidi ya unavyosikilizwa, ingawa nao una deni la kueleza kwa nini hatua moja ipandishe hadhi kuliko nyingine.

Kuna pingamizi jingine kwa msimamo wa Kanisa: katika kila mimba 100 zinazojulikana, 10 hadi 20 huharibika zenyewe, mbali na zile zinazotoka kabla mama hajajua. Ikiwa kila moja ni mtu kamili, mbona hatuzililii hivyo? Mimi sioni kama hoja hii inathibitisha kitu. Zamani watoto wachanga walikufa wengi, na walikuwa watu. Tena si kweli kwamba hakuna anayelia. Mama aliyepoteza mimba ya wiki 10 huambiwa "utapata mwingine" na kurudishwa jikoni, wakati msiba wake hauhitaji kusubiri wanafalsafa wakubaliane.

Sheria nazo hazijakubaliana, ingawa ziwa ni moja. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 26, inasema uhai wa mtu unaanza mimba inapotungwa. Ya Uganda ya 1995, ibara ya 22, inakataza kukatisha uhai wa mtoto ambaye hajazaliwa isipokuwa kwa idhini ya sheria. Yetu ya 1977, ibara ya 14, inampa kila mtu haki ya kuishi bila kutaja haki hiyo inaanza lini. Kanuni ya Adhabu inaadhibu utoaji mimba, lakini kifungu cha 230 kinamkinga anayefanya upasuaji kwa nia njema na uangalifu ili kuokoa maisha ya mama. Kwa hiyo mimba ikitishia uhai wa mama, familia isimcheleweshe nyumbani kwa hofu ya polisi. Apelekwe hospitali usiku huo huo.