Mnyama mweusi kwa mweupe anataka umuone

Warina asali wa huku Tabora wanamjua nyegere kuliko hata sisi wa idara ya wanyamapori, manake ndo anayewavunjia mizinga. Ila tukienda vijijini kuna swali haliishi: mnyama anatembea usiku, mgongo mweupe vile, si chui atamuona?

Aonekane, ndo anachotaka. Swala ana rangi ya majani makavu ili apotee machoni, ila nyegere yeye juu mweupe chini mweusi, hata kwa mbalamwezi hafifu unamuona toka mbali, na hiyo rangi inatangaza kwamba huyu ana kitu. Ngozi yake nene halafu imelegea, ukimkamata shingoni anajigeuza humohumo anakung'ata, na chini ya mkia kuna tezi za harufu, sitaki hata kuielezea. Kicheche naye ana mistari myeupe mgongoni, ukimsogelea anainua mkia anakupa mgongo anarusha majimaji yananuka balaa, muulize aliyewahi kulala nyumba moja na mbwa aliyepuliziwa. Nungunungu miiba yake ina pingili nyeusi na nyeupe, na ile ya mkiani anaitikisa inalia, yani hata asiyemuona amsikie. Hairushi jamani, hiyo ni stori tu, anakuja kinyumenyume kwa kasi inakuchoma yenyewe na inabaki mwilini, kuna simba wamekufa kwa hiyo miiba.

Kwanini sio nyekundu kama vyura wa sumu wa Amerika Kusini? Kwa sababu fisi, chui na simba nyekundu hawaioni vizuri, na wanawinda zaidi usiku. Gizani kinachobaki ni cheusi kwa cheupe.

Sasa adui ambaye bado mtoto hajui hayo yote, anajaribu siku moja anaumia, akija kuona rangi ile tena anakumbuka. Simba mwenye njaa kali anaweza akajaribu tu, hilo lipo.

Pundamilia msimweke humu. Mistari yake haimtishi simba, ila majaribio yameonyesha inzi wanaouma wanashindwa kutua vizuri kwenye mistari, na kwa mbung'o wa miyombo yetu hiyo sio faida ndogo.

Kwaiyo ukikutana na mmojawapo, mshike mbwa wako, mpe njia. Na mizinga ining'inize kwa waya mbali na shina maana nyegere anapanda mti vizuri tu, usitege sumu, anayeila kwanza mara nyingi ni mbwa wa jirani.