Sura ya John Bunyan: Dhana Potofu na Ukweli

Wasomaji wengi wa Safari ya Msafiri (The Pilgrim's Progress) wameiona sura ya mwandishi wake, mhubiri Mwingereza wa karne ya 17 John Bunyan, kabla hawajajua lolote kuhusu maisha yake, na hapo ndipo hadithi zinapoanza kuota mbawa.

Dhana: Picha inayomwonyesha amelala ilichorwa akiwa kifungoni.

Ukweli: Bunyan alitiwa ndani mwaka 1660 kwa kuhubiri nje ya taratibu za Kanisa la Uingereza, akatoka 1672. Picha hiyo, kazi ya Robert White, ilitoka katika toleo la tatu la kitabu mwaka 1679. Kinachowachanganya watu ni lile pango lenye simba chini yake. Kitabu kinaanza na mtu aliyefika penye pango, akalala, akaota. Na pembeni mwa ukurasa pakaelezwa kwamba pango ni gereza. Kwa hiyo tunayemwona ni mwotaji wa hadithi, na nyuma yake Mkristo, mhusika mkuu wa kitabu, anapanda na mzigo mgongoni kuelekea mji wa mbinguni. White alimchora pia kwa penseli juu ya ngozi laini, na mchoro huo umehifadhiwa British Museum. Kwangu mimi huo ndio unaomkaribia zaidi Bunyan mwenyewe, kwa sababu hauna simba wala ndoto, ni uso tu.

Dhana: Alikuwa fukara aliyekondeana.

Ukweli: Ni kweli alianza kama fundi wa kuziba masufuria, kazi aliyorithi kwa baba yake huko Elstow, kijiji karibu na mji wa Bedford, Uingereza. Lakini mtu aliyechorwa kwa rangi ya mafuta na Thomas Sadler mwaka 1684, akiwa na miaka 55 au 56, ana mwili, kola nyeupe na kitabu mkononi. Picha ni mali ya National Portrait Gallery, London. Masharubu nayo mchoraji hakuyabuni: habari za maisha ya Bunyan zilizochapishwa 1692 zinataja nywele za wekundu zilizoanza mvi, na masharubu ya mtindo wa zamani.

Dhana: Alikuwa kasisi. La. Hakuwekewa mikono na Kanisa la Uingereza. Aliongoza kusanyiko huru la Bedford. Usimtafutie joho.

Dhana: Sanamu ya Bedford inaonyesha alivyosimama akihubiri.

Ukweli: Joseph Edgar Boehm aliitengeneza kwa shaba nyeusi mwaka 1874, miaka 186 baada ya Bunyan kufariki. Maneno yaliyoandikwa kwenye sanamu yanataja macho yaliyoinuliwa mbinguni, kitabu bora kuliko vyote mkononi na sheria ya kweli midomoni. Yametoka katika Safari ya Msafiri, pale Mkristo anapoonyeshwa picha ukutani katika nyumba ya Mfasiri, mhusika anayemfafanulia mambo njiani. Bunyan aliibuni picha ile kuonyesha mchungaji wa kuaminika alivyo. Watu wa karne ya 19 wakamvika yeye mwenyewe picha hiyo.