Hamu Haitangulii: Pa Kuanzia Mwili Ukigoma

Sentensi ninayoisikia kuliko zote katika kazi ya ushauri nasaha ni hii: "Kufanya naweza, ila hamu ndiyo sina." Anayeisema anaichukulia hamu kama umeme, kwamba lazima urudi kwanza ndipo mashine iwake. Kwa mtu aliyechoshwa na maisha mambo huenda kinyume: mikono huanza, hamu hufuata nyuma, tena mara nyingi hufika kazi ikiwa katikati.

Lakini kabla sijagusa habari za moyo, huwa nauliza damu, chai na usingizi. Wako watu wanaojilaumu kwa uvivu miezi na miezi, kumbe damu imepungua. Ukipanda ngazi chache moyo unadunda, viganja vimepauka, kizunguzungu ukiinuka, nenda zahanati ukapime wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu; kwa mwanamume ni chini ya 13. Mjamzito ana kiwango chake, kliniki watamweleza. Usikimbilie vidonge vya kuongeza damu bila kupima, kwa sababu chanzo kinaweza kuwa hedhi nzito, minyoo, malaria au selimundu, na kila kimoja kina tiba yake.

Chai je? Ukiinywa pamoja na maharage na mchicha, iwe ya rangi au ya maziwa, hunasa sehemu kubwa ya madini chuma ya chakula hicho kabla mwili haujayachukua. Huna haja ya kuiacha. Isogeze, inywe saa nzima baada ya kula, na kwenye maharage kamulia ndimu au shushia chungwa, maana vitamini C huyasaidia madini hayo kuingia mwilini. Na anayemeza vidonge vya madini chuma kwa chai anajipunguzia dawa mwenyewe.

Kuhusu usingizi, hesabu haidanganyi. Anayelala saa sita usiku na kuamka saa kumi alfajiri kuwahi gari amelala saa nne tu, wakati mtu mzima anahitaji saba au zaidi. Vinywaji vya kuongeza nguvu, vinavyopendwa sana na walinzi na vijana wa bodaboda, havilipi deni hilo. Kafeini haikupi nguvu, inauziba ubongo masikio usisikie uchovu, na nusu yake hubaki mwilini kwa muda wa saa tano hivi. Kahawa ya saa kumi na moja jioni bado ina nusu ya makali saa nne usiku. Kwa hiyo ya mwisho iwe ya mchana, simu ilale nje ya chandarua, na muda wa kulala urudishwe nyuma dakika 15 kila baada ya siku chache. Anayejaribu kurudisha saa mbili kwa usiku mmoja hukesha akitazama dari.

Sasa turudi kwenye hamu. Mwaka 1996 mwanasaikolojia Neil Jacobson na wenzake nchini Marekani waliigawa vipandevipande tiba ya mazungumzo ya sonona, yaani ugonjwa wa moyo kuwa mzito na kukosa hamu kwa muda mrefu. Waliopewa kipande cha kupanga na kufanya shughuli peke yake walipata nafuu sawa na waliopewa tiba nzima. Mbinu hiyohiyo imo katika programu ya Shirika la Afya Duniani ya vikao vitano, kimoja kila wiki, inayoendeshwa na watu wa kawaida waliofunzwa, na iliyofanyiwa majaribio pia pembezoni mwa Nairobi.

Unachohitaji ni daftari na kalamu. Kwa siku tatu andika ulichofanya kila saa, halafu weka namba mbili kutoka 0 hadi 10: ya kwanza ni raha uliyoipata, ya pili ni kiasi ulichojiona umeweza. Ukurasa husomeka hivi: "Saa 12 asubuhi, kufagia uwanja: raha 3, nimeweza 6. Saa 3 usiku, simu: raha 2, nimeweza 0." Usibadilishe chochote siku hizo tatu, andika tu. Ukurasa kama huo unaonyesha kwamba muda unaoitwa mapumziko haukupumzishi.

Siku ya nne chagua mambo mawili: wajibu mmoja na starehe moja. Wajibu ukatekate mpaka uingie ndani ya dakika tano. "Kuweka sawa hesabu za genge" ni mlima. Iliyokatwa inasema: "Nikimaliza uji, nakaa kwenye kigoda cha mlangoni, naandika mauzo ya jana tu." Ina saa, ina mahali, na imefungwa kwenye jambo unalolifanya kila siku hata hivyo. Dakika tano zikiisha una ruhusa ya kuacha, na iwe ruhusa ya kweli. Ukiigeuza mtego wa kujilazimisha saa nzima, kesho mwili hautakuamini.

Starehe ndiyo inayotupwa kwanza, hasa na akina mama, kwa madai kwamba muda hakuna. Nisipokuwa mkali kuhusu jambo jingine lolote, hapa huwa mkali. Ratiba ya wajibu mtupu haivuki wiki. Kuoga mapema ukakaa barazani, bao moja kijiweni, mazoezi ya kwaya, kusukana na shoga, vyote vinafaa ilimradi viandikwe na vipewe saa kama kazi.

Siku nyingine utashindwa, hilo lihesabu tangu mwanzo. Kosa ni kutaka kufidia: jana hukufanya, basi leo ufanye mara mbili. Rudi na nusu. Dakika tano ziwe mbili.

Ila mkopo wa kausha damu hauondoki kwa kufagia uwanja. Matatizo yagawe mafungu matatu: yanayoweza kutatuliwa japo kwa sehemu, yasiyotatulika kwa sasa, na yasiyo na uzito. Chukua moja la fungu la kwanza, liandike kwa tarakimu: nimebakiza kiasi gani, kwa nani, lini. Orodhesha kila njia, hata zile za kuchekesha, kisha chagua moja na uipe tarehe. Kumwona mwenyekiti wa kikoba kabla ya kikao kuna unafuu kuliko kujificha siku ya kikao. Kinachowazamisha wengi ni kukopa pengine ili kulipa hapa.

Daftari lina mipaka yake. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, moyo ni mzito au ulivyovipenda havikuvutii tena, na usingizi na hamu ya kula vimeharibika, hiyo yaweza kuwa sonona, na inatibika. Mawazo ya kutaka kufa yakija, mwambie mtu wa karibu na mwende hospitali siku hiyohiyo. Ukifika kwa daktari usiseme "nimechoka" ukanyamaza. Taja ni tangu lini, unalala saa ngapi, umeacha nini ulichokuwa ukikipenda. Nenda na lile daftari, umfungulie kurasa za zile siku tatu za kwanza.