Umeunda pikipiki kwa spea mchanganyiko? Anza na namba ya fremu

Kila inapofika kampeni ya Nenda kwa Usalama na ukaguzi wa stika, kwenye foleni hujitokeza pikipiki isiyofanana na nyingine. Tangi la Honda, injini ya Kichina ya cc 125, shokapu za mbele za Yamaha DT, mkono wa nyuma unaoshika gurudumu umechomelewa mtaani, kiti hakuna. Safari hii tumeziona nyingi zaidi, na lawama zimekuja nazo: "Nimeiunda kwa mikono yangu, mnaninyimaje kadi ya usajili?" Makala hii inawajibu wenye pikipiki hizo, hasa vijana wanaojiundia mashine za trayali za kupanda mawe na magogo bila kutia mguu chini. Ni elimu ya jumla. Haichukui nafasi ya sheria wala ya uamuzi wa mkaguzi atakayekiona chombo chenyewe.

Kuunda pikipiki si kosa, na asitokee mtu akasema tunapiga vita ufundi. Mchezo wa trayali umelelewa na watu wa kukata na kuunganisha. Kule Scotland, mashindano ya siku sita yaliyoanza mwaka 1909 yalichezwa kwa miaka mingi na pikipiki za kawaida za barabarani zilizopunguzwa uzito gereji. Sammy Miller, mzaliwa wa Belfast, aliifanyia kazi pikipiki yake ya Ariel ya cc 500, leo akipunguza hiki, kesho akibadili kile, kisha akahamia Bultaco ya Hispania na kushinda mashindano hayo mwaka 1965 kwa mashine ya cc 250. Ariel ile hadi leo wapenzi wa mchezo huitaja kwa namba yake ya usajili, GOV 132. Ilikuwa na namba kwa sababu wachezaji hutoka eneo moja la mawe kwenda jingine wakipita barabara za umma. Kwa hiyo anayekuja dirisha la usajili na hoja kwamba "hii ni ya mashindano, haihitaji plate namba" ajue kuwa hoja hiyo haipiti hata huko mchezo ulikokulia.

Kwenye usajili, pikipiki ni fremu. Namba iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, pale usukani na shokapu za mbele zinaposhikwa, ndiyo inayoibeba kadi, na vingine vyote vinaifuata. Ukichukua fremu ya TVS yenye kadi halali ukaitia injini nyingine, magurudumu mengine na tangi lingine, bado ni TVS ile ile iliyofanyiwa mabadiliko, na mabadiliko hayo yana utaratibu wake. Lakini ukichukua injini yenye kadi ukaifunga kwenye fremu uliyookota kwenye skrepa, kadi ile haikusaidii kitu. Hili tunalieleza kila siku na bado watu wanarudi na kadi ya injini. Hakuna kadi ya injini.

Utaratibu wa kubadili injini uko hivi. Mmiliki anatakiwa awe na kadi halisi yenye jina lake. Kama bado ina jina la aliyekuuzia, maliza kwanza kuhamisha umiliki. Awe na risiti ya injini, au mkataba wa mauziano unaoonyesha namba ya injini na utambulisho wa muuzaji. Chombo kikaguliwe na polisi wa usalama barabarani, namba zote mbili zisomwe kwenye chuma chenyewe, si kwenye picha ya simu, kisha taarifa zipelekwe TRA zibadilishwe kwenye kumbukumbu. Kubadili kesi (kasha la nje) ya injini iliyopasuka nako ni kubadili namba, maana namba imegongwa pale. Mafundi wengi hawamwambii mteja. Na ukitoka injini ya cc 125 au chini yake kwenda ya cc 150, angalia pia leseni yako: pikipiki inayozidi cc 125 ni daraja A, na mwenye A1 hatakiwi kuipanda.

Wapo wanaogonga namba upya kwa sababu "kutu imekula ya zamani". Usiguse. Namba ikififia, lete chombo kama kilivyo. Kipigo cha mhuri hukandamiza chuma hadi chini ya alama inayoonekana, na mtaalamu akipiga msasa na kupaka tindikali anaweza kuisoma namba iliyosagwa. Aliyegonga upya kwa nia njema na mwizi aliyefuta namba wanafanana mbele ya mkaguzi, na hapo tunaacha kuzungumzia faini za barabarani. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina kifungu cha 311 kuhusu kupokea mali ya wizi, na cha 312 kuhusu kukutwa na mali inayodhaniwa kuwa ya wizi. Kauli ya "nilinunua spea kwa jamaa" haijawahi kuwa risiti.

Sasa ufundi, maana karatasi zikikamilika na fremu ikakatika, hatujamsaidia mtu. Shingo ya pikipiki ya barabarani imelazwa ili itulie kwenye mwendo. Trayali inataka shingo iliyosimama zaidi ili ikate kona mahali padogo, hivyo vijana hukata shingo na kuichomelea upya. Hapo hatuna mzaha. Bomba la fremu ni jembamba, na mashine ya umeme inayochomelea mageti hulitoboa, au huacha chuma cha pembeni ya mshono kikiwa kigumu na rahisi kupasuka. Mshono unaweza kuonekana mzuri kabisa, ufa ukaanzia kando yake. Ikikatika shingo, gurudumu la mbele linakwenda zake. Tafadhali msituletee shingo iliyojazwa puti na kupakwa rangi mpya siku ya ukaguzi, kwa sababu itakwanguliwa. Faida kubwa ya trayali inapatikana bila kugusa shingo. Sogeza sehemu ya kukanyagia miguu nyuma na chini kidogo, punguza uzito, na badili sproketi. Kutoka meno 14 ya mbele kwenda 12 unapunguza mwendo kwa asilimia 14 hivi katika kila gia, na nguvu ya kupanda inaongezeka.

Breki ya nyuma ya ngoma ina chuma kirefu kinachoishika sahani ya breki isizunguke. Mkono wa nyuma ukibadilishwa, chuma hicho mara nyingi kinakosa pa kufungwa na fundi anakiacha. Ukikanyaga breki kwa nguvu, sahani inazunguka na gurudumu linagoma papo hapo. Tunalikuta kosa hili mara kwa mara, na linarekebishika kwa bolti moja na kipande cha bati nene.

Matairi ya trayali, inchi 21 mbele na 18 nyuma, hupandishwa mawe kwa upepo mdogo sana, psi 4 au 5 nyuma. Kwa upepo huo usiingie lami hata kidogo, kwa sababu tairi hulala kwenye kona na huweza kuhama kwenye ringi. Na kama mita ya spidi inasoma gurudumu la mbele lililokuwa dogo zaidi, ukiweka la inchi 21 itasoma pungufu ya mwendo wako halisi. Uwanjani, funga kamba ya kuzimia injini mkononi. Ukianguka kwenye majabali kama yale ya Mwanza, injini inapaswa izime kabla hujafika chini.

Kama chombo hakijasajiliwa, kipakie kwenye Kirikuu hadi uwanjani. Kukipanda barabarani, hata kwa hatua chache, ni kukipanda bila usajili na bila bima, kwani bima ya lazima chini ya Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, hukatwa kwa chombo kinachotambulika. Ukimgonga mtu, matibabu na fidia vitakuwa juu yako. Watu hupiga hesabu ya faini ya shilingi 10,000 kwa kosa moja la pikipiki wakaona nafuu. Hiyo ni kwa kila kosa, inarudiwa kila unapokamatwa, kulipa hakukihalalishi chombo, na mkaguzi anaweza kukizuia au kulipeleka suala mahakamani.

Kwa aliye na fremu isiyo na karatasi tayari, asisubiri kukamatwa. Mtafute aliyekuuzia, andikishaneni mbele ya serikali ya mtaa mkionyesha namba ya fremu na vitambulisho vya NIDA, kisha peleka fremu ikakaguliwe kabla hujafunga spea nyingine juu yake. Siahidi kwamba itasajiliwa. Muuzaji akikukwepa au namba ikawa haisomeki, itoe taarifa polisi na uiache huko, utafute fremu yenye kadi, hata kama injini yake imekufa.