Maelezo Potofu Katika Mauzo ya Nyumba: Mnunuzi Anabaki na Haki Gani?

Mtu kanunua nyumba bondeni Dar es Salaam, kahamia na familia, masika yakaanza, na maji yakaingia sebuleni. Jirani anamwambia kuwa ndivyo inavyokuwa kila mwaka, na kwamba ile rangi ya mafuta iliyopakwa nusu ya chini ya ukuta ilipakwa siku chache kabla dalali hajamleta, ili kuficha mstari wa maji. Alipouliza siku ile kama eneo linajaa maji, aliambiwa, "Hapa ni pakavu mwaka mzima."

Maneno kama hayo ndiyo yanayoitwa maelezo potofu: kauli isiyo ya kweli, kuhusu jambo linaloweza kuthibitishwa, iliyomfanya mtu akubali kuingia mkataba. Kwa Tanzania, jambo hili limo kwenye Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, hasa vifungu vya 17 hadi 19. Sheria hiyo inatenganisha hali mbili. Anayesema uongo akijua ni uongo, au anayeficha ukweli kwa makusudi, amefanya udanganyifu. Anayesema jambo lisilo kweli huku mwenyewe akiliamini, bila kuwa na msingi wa kutosha wa kulisema, ametoa maelezo potofu tu. Muuzaji aliyerithi nyumba na kusema "kiwanja kimepimwa" kwa sababu ndivyo marehemu baba yake alivyokuwa akisema huenda hana nia mbaya, lakini mnunuzi bado ana haki ya kuuvunja mkataba.

Si kila sifa ya nyumba ni maelezo kwa maana hii. "Mtaa huu utapanda bei" ni maoni na matumaini ya biashara. "Nyumba haina mkopo wa benki", "hati ni ya kwangu", "kiwanja kina mita za mraba 600", hizo ni kauli za uhakika na ukizitoa unawajibika nazo. Vivyo hivyo ahadi: anayeahidi kuvuta umeme kabla ya kukabidhi nyumba, ilhali tangu mwanzo hana nia ya kuvuta, naye amefanya udanganyifu.

Ukimya ndio unaosumbua zaidi. Kwa kawaida muuzaji halazimiki kutaja kila kasoro, na kunyamaza peke yake si udanganyifu, isipokuwa pale mazingira yanapomlazimu kusema au ukimya wake unapokuwa sawa na kusema. Lakini kuficha ni tendo. Wakazi wa Kimara wanazikumbuka vizuri alama nyekundu za X kwenye kuta za nyumba zilizohesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, na bomoabomoa ya 2017 iliyofuata. Anayechukua brashi na kuifunika X kabla ya kukaribisha wanunuzi hajanyamaza. Amesema uongo kwa rangi, na sheria inalitazama hivyo.

Dalali je? Wauzaji wengi hujitetea kwa kusema, "Mimi sikusema, ni dalali." Utetezi huo hauna nguvu wanayoidhani. Kifungu cha 17 kinamjumuisha wakala wa mhusika, kwa hiyo dalali aliyetumwa na muuzaji akidanganya, muuzaji naye anabanwa. Kwa sababu hiyo inafaa ujue mapema dalali anafanya kazi kwa niaba ya nani na nani anamlipa.

Sasa mnunuzi afanye nini? Mkataba uliopatikana kwa udanganyifu au maelezo potofu haufi wenyewe. Unaweza kubatilishwa kwa hiari ya aliyedanganywa, na hapo ana njia mbili. Ya kwanza ni kuuvunja: anarudisha nyumba, anarudishiwa fedha zake. Ya pili, ambayo watu wengi hawaijui, ni kubaki na nyumba na kudai awekwe katika hali ambayo angekuwa nayo kama maelezo yale yangekuwa ya kweli. Aliyeambiwa mita 600 akapimiwa 450 huenda bado anaipenda nyumba, watoto wameshapata shule jirani. Huyo anaweza kubaki na kudai thamani ya kile kilichopungua. Na kama maelezo yaliandikwa ndani ya mkataba wenyewe, basi ni uvunjaji wa mkataba pia, na kifungu cha 73 kinampa fidia ya hasara iliyotokana moja kwa moja na uvunjaji huo.

Hiari hiyo inaweza kupotea, na hapa ndipo ninapowaonea wanunuzi huruma, maana wengi huipoteza kwa sababu ya upole. Ukishaujua ukweli, kisha ukaendelea kulipa awamu zilizobaki, ukapiga ripu, ukapangisha chumba, muuzaji atasema umeikubali nyumba ilivyo, na huenda akasikilizwa. Nyumba ikishauzwa tena kwa mtu wa tatu asiyejua kitu, kurudisha mambo yalivyokuwa kunakuwa kugumu sana. Andika barua siku hizo hizo, taja kauli iliyokupotosha, sema unataka nini. Ikiwa unahofia nyumba itahamishwa kwenda kwa mtu mwingine, mwombe wakili akusaidie kuweka zuio kwa Msajili wa Hati au kuomba zuio la muda mahakamani.

Kuna sharti jingine. Kifungu cha 19 kinasema mkataba hauvunjiki ikiwa mnunuzi alikuwa na njia ya kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Muuzaji atauliza: kwa nini hukufanya upekuzi kwa Msajili? Kwa nini hukuuliza serikali ya mtaa? Lakini sharti hilo linahusu maelezo potofu yasiyo na nia mbaya na ukimya wa kidanganyifu. Halimkingi aliyekuangalia usoni akakudanganya kwa makusudi. Na kipengele cha "mnunuzi amekagua na kuridhika" kilichopachikwa mwisho wa mkataba hakitoshi kuusafisha udanganyifu wa aina hiyo.

Madai yanayogusa umiliki huanzia Baraza la Kata kwa usuluhishi. Tangu marekebisho ya 2021, baraza hilo halitoi tena hukumu; likishindwa kuwapatanisha linathibitisha hivyo, ndipo shauri liende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, au Mahakama Kuu kwa nyumba yenye thamani kubwa. Polisi nao wana nafasi yao: kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake inaweza kufika miaka 7 jela. Ila kesi ya jinai humwadhibu mkosaji. Usiitegemee peke yake kukurudishia fedha.

Ushahidi mara nyingi umo kwenye simu. Meseji za WhatsApp, picha za tangazo, sauti ya dalali akieleza sifa za nyumba, vyote vihifadhi vilivyo, pamoja na simu yenyewe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hiyo kupokelewa mahakamani, na upande wa pili utahoji kama umechezewa. Mashahidi waliosaini mkataba na jirani aliyeuona ukuta kabla ya rangi ni watu wa kuwatafuta mapema, kabla hawajahama.

Muda wa kudai kwa msingi wa mkataba ni miaka 6. Palipo na udanganyifu, Sheria ya Ukomo inaanza kuihesabu siku ulipougundua, au siku ambayo ungeweza kuugundua kama ungekuwa mwangalifu.